Mtoto Aliyezaliwa na Kasoro ya Moyo: Mambo Yapasayo Kujulikana na Jamaa Yake



Mfugaji yeyote ajua kumtazama ndama. Ndama akinyonya mara mbili tatu kisha akaiacha chuchu, akasimama akihema, mbavu zikipanda na kushuka, na manyoya yamelowa jasho hali jua halijapanda, mwenye ng'ombe hangoji. Atamwita daktari wa mifugo, au kwa uchache atamtenga ndama yule amwangalie siku mbili tatu. Lakini mtu huyo huyo aweza kuwa na mtoto mchanga nyumbani afanyaye vivyo hivyo, jasho likimtiririka kipajini kila anyonyapo, akaambiwa kwamba ni joto la pwani tu, naye akakubali.

Sisemi hivi kwa kumlaumu mtu, maana hata mimi nilikubali. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, lakini udaktari sikuusoma. Mtoto nitakayemtaja hapa ni mtoto wa dada yangu, wa upande wa Likoni, nami ni mjomba wake. Yaliyo ya udaktari katika makala haya ni yale ambayo madaktari huyaeleza. Yaliyo ya nyumbani ni yetu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sasa yuko shule na wenzake wajua kusoma gazeti.

Watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo si wachache. Hesabu ni karibu ile ile duniani kote, yaani yapata mtoto 1 katika kila 100 wanaozaliwa hai, awe wa Ulaya, wa Uhindi au wa Kisauni. Si ugonjwa wa kuambukiza. Hata ndama huzaliwa nayo, na kasoro ionekanayo zaidi kwa ndama ni ile ile iliyo nyingi kwa watoto, nayo ni tundu katika ukuta wa moyo.

Moyo ni pampu mbili

Wakulima wa ploti wengi wameona pampu ya maji ikifanya kazi, basi nitaanzia hapo. Moyo ni pampu mbili zilizojengwa bega kwa bega, na kati yao uko ukuta wa nyama. Pampu ya kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuisukuma mapafuni, ambako hupata hewa safi. Pampu ya kushoto hupokea damu ile itokayo mapafuni na kuisukuma mwili mzima, toka utosini hata vidole vya miguu. Mapafu yako karibu, tena mishipa yake ni laini, kwa hiyo pampu ya kulia haihitaji nguvu nyingi. Ile ya kushoto yapaswa kufika mbali, na msukumo wake ni mara nne au tano ya ule wa kulia.

Sasa fikiri mifereji miwili iendayo sambamba shambani. Mmoja maji yake yaenda kwa nguvu, mwingine maji yake ni ya polepole, na kati yake liko tuta. Tuta likitoboka, huna haja ya kuuliza maji yatapita kwenda upande gani. Ndivyo ilivyo kwa mtoto mwenye tundu katika ukuta wa moyo. Kila moyo upigapo, sehemu ya damu iliyokuwa iende mwilini hupenya tunduni, ikarudi mapafuni ilikotoka. Mapafu hufurika, na mwili hupungukiwa. Moyo huenda mbio ili kufidia, na nguvu ambazo mtoto amezipata katika maziwa humalizika kwa kuhema, asibakiwe na kitu cha kumnenepesha.

Jambo linalowapoteza watu wengi ni kwamba mtoto wa namna hii akizaliwa huonekana mzima. Hulia vizuri, hunyonya, na mama huruhusiwa kwenda zake. Sababu yake ni hii. Mtoto alipokuwa tumboni hakuvuta pumzi, na mishipa ya mapafu yake ilikuwa imejifinya. Baada ya kuzaliwa mishipa hiyo hulegea polepole, katika muda wa majuma kadhaa. Maadamu bado imejifinya, upande wa kulia nao una nguvu, na damu ipitayo tunduni ni kidogo. Ikishalegea, mafuriko huanza. Basi mtoto aliyekuwa mzuri siku ya arobaini huanza kudhoofu baada yake, na watu husema kuna jambo lililofanyika nyumbani. Hakuna lililofanyika. Tundu lilikuwako tangu mwanzo.

Tundu dogo mara nyingi hujifunga lenyewe katika miaka ya kwanza, na daktari hufanya kazi ya kuliangalia tu. Tundu kubwa ni habari nyingine. Mishipa ya mapafu ikipigwa na msukumo isiouzoea, mwezi baada ya mwezi, huanza kuwa minene na migumu. Hapo mafuriko hupungua, jasho hupungua, na mtoto huonekana kana kwamba amepata nafuu. Wazazi hufurahi, wakaacha kliniki. Kumbe hiyo si nafuu. Mishipa ikizidi kuwa migumu, upande wa kulia hushinda ule wa kushoto, damu isiyo na hewa safi huvuka kwenda mwilini, na midomo ya mtoto huanza kuwa ya buluu. Hali hii ilielezwa mwaka 1897 na Victor Eisenmenger, daktari wa Austria. Akifika hapo, tundu halizibwi tena, maana kuliziba kwaweza kumwua. Kwa sababu hiyo madaktari hupenda kulifunga tundu kubwa kabla mtoto hajamaliza mwaka wake wa kwanza, au mapema iwezekanavyo baada yake. Ikiwa msomaji hatakumbuka neno lolote jingine katika makala haya, namwomba akumbuke hili la nafuu isiyo nafuu.

Watoto wa buluu

Wako wengine ambao ubuluu wao huonekana mapema, midomoni, ulimini na kwenye kucha. Kwa mtoto mweusi, tazama ulimi na ufizi kwenye mwanga wa jua, usitazame ngozi. Kasoro ijulikanayo zaidi ya namna hii ina jina la daktari wa Marseille, Fallot, aliyeieleza mwaka 1888. Ni mambo manne pamoja, lakini makubwa ni mawili: liko tundu, na njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba. Damu ikikuta mlango umebana, hupita tunduni na kwenda mwilini bila kufika mapafuni.

Mtoto huyu akianza kutembea utamwona akicheza kidogo kisha akachutama. Hakufundishwa na mtu. Kuchutama hukunja mishipa ya miguu, na damu nyingi zaidi husukumwa kwenda mapafuni. Pengine akilia sana asubuhi hugeuka buluu nzito ghafula, akahema kwa nguvu, akalegea. Hapo usimmwagie maji, wala usimfukizie kitu. Mlaze chali au mpakate, mkunje magoti mpaka yaguse kifua, umtulize kwa sauti ya taratibu, na safari ya hospitali ianze papo hapo. Tena mtoto wa buluu asiachwe akaukiwa na maji. Damu yake ni nzito kuliko ya mwingine, na akiharisha au akipata homa siku moja tu yaweza kuganda ndani ya mishipa. Kuharisha ambako kwa ndugu yake ni kwa kutibiwa nyumbani kwa maji ya chumvi na sukari, kwake ni kwa hospitali siku ile ile.

Kwa muda mrefu hapakuwa na tiba yao. Tarehe 29 Novemba, 1944, huko Baltimore katika Marekani, daktari Alfred Blalock alimpasua mtoto wa namna hii, akauunga mshipa wa damu wa mkono kwenye mshipa wa mapafu, kama mtu achimbaye mfereji mpya pale ambapo wa zamani umeziba. Wazo lilikuwa la daktari mwanamke, Helen Taussig, ambaye masikio yake hayakusikia vizuri, akawa akiichunguza mioyo ya watoto kwa ncha za vidole. Na njia yenyewe ilifanyiwa majaribio na Vivien Thomas, Mwafrika wa Marekani, mwana wa seremala, ambaye hakuwa na shahada yoyote. Siku ile alisimama nyuma ya Blalock, akimwelekeza kila mshono. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilimpa heshima ya udaktari mwaka 1976. Nilipokuwa chuo cha ualimu hatukufundishwa habari zake, nami naona ingefaa watoto wetu wafundishwe.

Kuna kasoro za namna nyingine nyingi ambazo sitazieleza hapa. Ila wasomaji wasichanganye kasoro ya kuzaliwa nayo na ule ugonjwa wa moyo uletwao na maumivu ya koo yasiyotibiwa, uwapatao zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Huo huharibu milango ya moyo uliozaliwa mzima, na unaweza kuzuiwa kwa penisilini. Mtoto mwenye koo lenye usaha na homa apelekwe hospitali.

Yaliyotupata sisi

Mtoto wa dada alizaliwa mwaka 2016, mwezi wa tano. Kufika mwezi wa tisa alikuwa amekwisha kutibiwa kichomi mara tatu katika zahanati moja, na mara zote tatu alipewa dawa ya kikohozi na ya homa, akarudishwa nyumbani. Hakuna aliyeweka chombo kifuani pake kwa muda wa kutosha. Dada alisema mtoto anatoka jasho akinyonya. Aliambiwa asimfunike sana. Nyumbani nako yalisemwa mengine. Mavyaa wake alisema ni nyuni, na mtoto alifungwa hirizi. Jirani alisema dada alitoka nje usiku wa mwezi kupatwa. Shemeji yangu alinyamaza, na kunyamaza kwake kulimwumiza dada kuliko maneno yote.

Aliyetuokoa alikuwa muuguzi wa kupima uzito. Hakupima moyo. Alitazama kadi ya kliniki tu, akaona mstari wa uzito umepanda miezi miwili ya kwanza, kisha umelala kama barabara ya tambarare. Akauliza, "Akinyonya, humaliza?" Dada akasema hulala katikati. Muuguzi akahesabu pumzi za mtoto dakika nzima kwa saa yake ya mkono, akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa. Mkulima ajuaye kupima maziwa ya ng'ombe wake kila siku na kuyaandika daftarini ataelewa kwa nini nawaambia watu wasipoteze kadi ile.

Huko hospitali daktari alisikiliza, akasema mlio ni kama maji yapitayo kwenye bomba lililopasuka. Kisha akafanyiwa eko, kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, kama kile kitumikacho kwa mama wajawazito. Hakina sindano wala maumivu. Tundu lilionekana wazi hata kwa sisi tusiojua.

Daktari yule alimwita shemeji yangu na mavyaa pamoja na dada, nami nikiwapo, akatueleza jambo moja ambalo lilibadili nyumba ile. Moyo wa mtoto huanza kupiga yapata majuma matatu tu baada ya mimba kutunga, na kufika juma la nane vyumba na kuta zake zimekwisha kujengwa. Wakati huo mama wengi ndio kwanza wanashuku kwamba wana mimba. Basi tundu lile lilikuwako kabla ya kazi nzito, kabla ya mwezi kupatwa, kabla ya ugomvi wowote. Kwa watoto walio wengi hakuna mtu ajuaye sababu. Ziko sababu chache zijulikanazo: mama kupata ugonjwa wa rubela katika miezi ya kwanza ya mimba (tangu mwaka 2016 watoto wa Kenya huchanjwa rubela pamoja na surua), kisukari cha mama kisichotunzwa, pombe, na baadhi ya dawa kama zile za kifafa, ambazo mama asiziache kwa hiari yake bali azungumze na daktari kabla ya kushika mimba. Watoto wenye hali ya Down huwa na kasoro ya moyo nusu yao hivi, kwa hiyo wote wapimwe. Na mama aliyezaa mtoto mmoja mwenye kasoro asikate tamaa ya kuzaa tena. Kwa kasoro za kawaida, hatari kwa mtoto wa pili si zaidi ya 5 hivi katika kila 100. Amwambie tu mkunga mapema.

Mavyaa hakusema kitu siku ile. Hirizi haikuvuliwa, wala hapana aliyemwambia aivue. Lakini dawa za mtoto zilikuwa za mara mbili kwa siku, naye bibi yule hana saa, ila adhana haimpiti. Akachukua kazi ya dawa: ya alfajiri na ya magharibi. Sikumbuki hata siku moja alipokosa.

Kuilinda siku mpaka ya kupasuliwa

Operesheni haikuwa karibu. Tarehe 5 Desemba, 2016, mgomo wa madaktari wa hospitali za serikali ulianza nchi nzima, na ulimalizika katikati ya Machi, 2017. Sisi tulikuwa ndani yake. Yale tuliyofundishwa ya kumtunza nyumbani ndiyo yaliyomfikisha.

Kwanza kulisha. Mtoto wa namna hii huchoka kabla ya kushiba. Anyonyeshwe kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, akiwa ameinuliwa kichwa. Akilala katikati, mama akamue maziwa yake kikombeni, na mtu mwingine amnyweshe kwa kijiko baadaye. Hapa ndipo shemeji yangu alipopata kazi. Zamu ya saa nane ya usiku ilikuwa yake, na ndiyo iliyomtoa katika kunyamaza. Mtoto akishapita miezi sita, uji wake uwe mzito wenye nguvu: tui la nazi, karanga zilizosagwa laini, yai, samaki aliyetolewa miiba. Kikombe kidogo cha uji wa namna hii chamfaa kuliko bakuli la uji mwepesi. Chumvi isitiwe, maana huvuta maji, na mwili wake una maji ya kupita kiasi tayari.

Dawa ya kukojosha hupunguza mafuriko ya mapafu. Watu wengi huiacha waonapo mtoto amechangamka, na baada ya siku chache amerudi hospitali. Ipimwe kwa sirinji waliyokupa, wala si kwa kijiko cha jikoni, kwa kuwa vijiko havilingani. Chanjo zote apewe, pamoja na ile ya kuzuia kichomi iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011. Chandarua kila usiku. Moshi wa kuni na wa tumbaku umkae mbali. Dada alihamishia jiko lake chini ya mwembe.

Dalili za kwenda hospitali bila kungoja kliniki ni kuhema mpaka mbavu zinaingia ndani, kukataa kunyonya mara mbili mfululizo, uso au miguu kuvimba, ubuluu, na usingizi usio wa kawaida.

Alipasuliwa Nairobi mwezi wa nane, 2017. Tulipanda lile gari la moshi jipya kutoka Miritini, ambalo lilikuwa na miezi michache tu. Kwa mtoto ahemaye, saa tano au sita za kukaa mahali pa baridi zilikuwa afadhali kuliko usiku mzima wa basi. Katika operesheni ya tundu kama lile, damu hupitishwa katika mashine ambayo hufanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda, moyo husimamishwa, na tundu hushonewa kiraka. Kasoro nyingine, kama mshipa uliokosa kujifunga baada ya kuzaliwa, huzibwa bila kupasua kifua, kwa waya mwembamba upitishwao katika mshipa wa paja. Alikaa chumba cha uangalizi siku nne. Tuliporudi tulikatazwa kumwinua kwa kumshika makwapani mpaka mfupa wa kifua uungane, yapata majuma sita hadi nane. Ilitubidi kuwafundisha majirani wote, maana kila aingiaye alitaka kumrusha juu.

Fedha, na habari ya ploti

Watu huja ofisini kwetu kuuliza taratibu za kuhamisha hati ya shamba. Nikiuliza sababu, mara nyingi ni ugonjwa. Mtu aliyeambiwa "moyo" leo asubuhi hutaka kuuza ploti jioni, na mnunuzi wa jioni hatoi bei ya haki. Tena ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya Bodi ya Ardhi na ya mke, kwa hiyo hata hiyo haraka yenyewe ni ya bure.

Mimi husema hivi. Siku ya kwanza uliza ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali ile ile, kabla ya kuuliza mnunuzi. Jiandikishe, wewe na mkeo na watoto wote, katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba, 2024. Mkulima asiye na mshahara hutozwa kwa nyumba, si kwa kichwa, na michango isipolipwa kadi haisaidii. Afadhali kulipa wakati wa mavuno kuliko kukimbia siku ya ugonjwa. Uliza hospitali wazi kiasi kitakacholipwa na kile kitakachobaki. Kwa kinachobaki ziko njia. Hospitali ya Mater ya Nairobi, kwa miaka mingi, imechangisha fedha za watoto wa moyo kwa mbio zake ziitwazo Heart Run, ambazo zimekimbiwa hata Mombasa. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta hupasua moyo, na Tenwek kule Bomet vile vile. Jirani zetu wa Tanzania wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, na watoto wengi wa Unguja wamepasuliwa kwa msaada wa chama cha Save a Child's Heart cha Israeli, kilichoanzishwa mwaka 1995. Wako pia Wakenya wengi waendao Uhindi, lakini mtu asimpe wakala fedha kabla daktari wake wa hapa hajaandika kwamba safari ile yafaa.

Shemeji yangu alitaka kukata minazi kumi na miwili auze mbao. Tulimzuia. Aliuza mtamba mmoja, tukafanya mchango wa ukoo, na bima ya wakati ule ililipa sehemu yake. Ile minazi ndiyo iliyolipa nauli za matatu za miaka yote iliyofuata.

Baada ya operesheni

Kaka yake alikuwa na miaka sita. Kwa mwaka mzima alikuwa ameona kila mtu akimwangalia mdogo wake. Siku moja akakataa chakula, akasema, "Hata mimi naumwa moyo." Tulicheka, kisha tukaona kwamba si jambo la kucheka. Tangu siku hiyo siku ya soko ikawa yake na baba yake, wawili tu. Wenye watoto wengi wasilisahau jambo hili.

Mtoto mwenyewe sasa yuko shule, na ana kovu refu kifuani ambalo huwaonyesha wenzake kwa majivuno. Daktari ameandika barua kwa mwalimu kwamba aruhusiwe kukimbia, na aruhusiwe kukaa chini anapotaka. Kama mwalimu wa zamani nawaambia walimu wenzangu kwamba barua ya namna hii isomwe na kila mwalimu mpya. Mtoto asilazimishwe kumaliza mbio, wala asiwekwe chini ya mti kila siku kama mgonjwa. Watoto wengi wa moyo wajua kipimo chao wenyewe.

Jambo tunalolishikilia sana ni meno. Vijidudu vya jino lililooza huingia katika damu na kukaa moyoni penye kiraka au kasoro. Apige mswaki asubuhi na usiku, na kila mganga wa meno aambiwe habari ya moyo kabla hajang'oa kitu. Homa isiyo na sababu, ikaayo siku kadhaa, isitibiwe kwa vidonge vya dukani. Akapimwe damu kabla ya dawa yoyote ya vijidudu. Na wasichana wa moyo, wakiwa wakubwa, wamwone daktari wa moyo kabla ya kushika mimba. Kwa wengi haina shida, kwa wachache ni hatari ya kweli.

Kliniki yake sasa ni mara moja kwa mwaka. Wa Likoni huanzia hospitali ya Likoni, wa Changamwe Port Reitz, na wa Kisauni kituo cha afya kilicho karibu nao, kisha barua huwapeleka Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani. Kwa wa Likoni, shida ni feri. Mtu wa miguu hatozwi, lakini msongamano wa asubuhi ni joto na misukumano ambayo mtoto mwenye kuhema haiwezi, kwa hiyo dada alikuwa akivuka kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mfukoni alichukua kadi ya kliniki, karatasi ya eko, chupa za dawa zenyewe hata kama zimekwisha, na daftari dogo la uzito na maswali. Maswali aliyaandika usiku, maana mbele ya daktari husahaulika yote. Karatasi zote walizitoa nakala mbili baada ya mvua kuingia nyumbani mwaka ule wa 2017, na nakala moja hukaa kwangu ofisini hata leo.